Tawi la Upande wa Jiko

Tawi lilianza kukwaruza bati mwezi wa kumi na moja,
kama mtu anayetafuta tundu la funguo gizani.
Hawa Mfinanga, mpangaji wa chumba cha tatu,
akaja alfajiri na kanga mabegani:
Mama Ndeshi, silali. Ama tawi ama mimi.

Mkwe wangu akacheka. Kiwanja chako, mti wako,
msumeno wa Kileo, elfu thelathini.
Likatwe asubuhi, jioni tunaota moto.
Nani atajua?

Maneno hayo mawili hayajawahi kulala nyumba hii.
Marehemu alipima kahawa ya wenzake
miaka ishirini na miwili, na mizani ikisema
kilo arobaini na saba kasoro kidogo
aliandika kasoro.
Na kidogo aliiandika.
Soko zima la Njoro lilimwita Kasoro;
hata msalabani walitaka kuliweka, nikakataa.

Basi nikavaa viatu vya kanisani
nikaenda ofisi ya kata.
Mti gani? akauliza mtendaji.
Mkubwa, nikasema.
Mama, sheria haijui mkubwa. Inajua majina.

Loo. Miaka thelathini na mmoja nafagia majani yake
na jina sijawahi kuuliza.
Jirani alisema mkuyu. Shemeji alisema mruka.
Kileo alisema mbao.

Jumatano akaja kijana wa misitu, Aminieli,
kofia ya pikipiki kwapani, matope hadi magotini.
Hakuutazama juu kama sisi wote.
Aliokota jani, akalisugua, akavunja kikonyo,
maziwa yakatoka.
Mche wake una majani yenye meno, akasema,
ukizeeka meno yanakwisha.
Kama sisi, nikasema. Akacheka.
Ni mvule, Mama. Tena jike,
ndiyo maana popo wanakuja kwako msimu wa matunda.

Akauzungushia futi ya kitambaa, haikutosha.
Nikamletea kamba ya kuanikia nguo.
Huu umehifadhiwa. Uwe kwako, uwe kwa nani.
Na tawi?
Akakuna shingo.
Kukata najua. Kupogoa, ngoja nimuulize mkubwa wangu.
Usiguse mpaka nikuletee karatasi.

Nilimpenda kwa hilo.
Wangapi wangesema ndiyo, wakanywa chai, wakaondoka.

Karatasi haikuja. Haikuja Krismasi,
haikuja shule zilipofunguliwa.
Kileo akapata kazi Kiboriloni, msumeno ukaenda naye.
Hawa akaziba masikio kwa pamba.
Mkwe akapiga simu: bado mnaingoja serikali?

Usiku mmoja wa masika, macho wazi,
bati likikwaruzwa juu yangu, kwaru, kwaru,
nikauliza swali kwa kulianzia nyuma:
nani alimfuata mwenzake?
Mvule ulikuwepo. Jiko tulilijenga sisi,
na paa tukalivuta futi mbili zaidi
kuni zisilowe.

Asubuhi, viatu vya kanisani tena.
Nikamuuliza mtendaji: na bati, limehifadhiwa?
Akadhani namtania.

Fundi wa bati alichukua elfu nane.
Alilipogoa paa upande wa jiko,
futi mbili, mkasi ukilia kama bata,
na tawi, kwa mara ya kwanza tangu Novemba,
likayumba pasipo kugusa kitu.
Hawa alilala hadi saa tatu. Nikagonga mlango kwa hofu.

Kibali kilifika Juni, na mhuri wa zambarau.
Tawi moja, upande wa jiko, mbele ya afisa.
Aminieli alikileta mwenyewe, akatazama paa,
akanitazama mimi, akanywa chai.

Nimekitia kwenye kopo la majani ya chai
pamoja na daftari la mwisho la marehemu.
Mvua ikija na upepo kuni zinalowa kidogo.
Kidogo naiandika.